Aleluya ya Nani? Wimbo Mmoja na Masikio Mengi



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya wimbo ambao haumo katika vitabu vyetu vya nyimbo, wala haukutungwa na Mkristo, lakini umeingia katika nyumba zetu, katika simu za vijana wetu na katika kumbi za harusi, na mara nyingine umebisha hodi hata mlangoni mwa kanisa. Huo ni wimbo “Hallelujah” wa Leonard Cohen, Myahudi wa Montreal, Kanada, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2016. Nimeulizwa habari zake na wanakwaya, na wachumba wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa, na hata na familia iliyokuwa katika msiba. Swali huwa ni lile lile: je, wimbo huu ni sala au ni kufuru? Na kila anayeuliza huwa amekwisha kupata jibu lake moyoni. Anachotafuta ni padre wa kumuunga mkono.

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling’amua. Lakini hapa werevu wenyewe wameng’amua mambo yasiyopatana. Naona vema basi tuwasikilize kwanza wote, kisha tuutazame wimbo wenyewe, ndipo tuulize imani yetu yatufundisha nini juu ya maneno yenye maana zaidi ya moja.

Wapo wanaosema kwamba huu ni wimbo wa dini. Ushahidi wao uko wazi: kiitikio chake ni neno moja tu, tena neno takatifu, likirudiwa na kurudiwa, na ubeti wa kwanza wamtaja mfalme Daudi akimpigia Bwana muziki. Wapo wanaosema la hasha, huu ni wimbo wa mapenzi ya mwanamume na mwanamke, tena mapenzi yaliyovunjika. Daudi amewekwa pale kwa sababu ya Bathsheba, na kukatwa nywele kunakotajwa humo ni habari ya Samsoni na Delila. Wa tatu husema kwamba ni wimbo wa mtu aliyepoteza imani, asiye na hakika kama Mungu yupo, aliyebakiwa na neno la sala mdomoni kama mtu aliyebakiwa na ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuuzwa. Na wa nne, ambao nadhani ndio wengi kuliko wote, hawakuyafuatilia maneno kamwe. Wao wamesikia sauti ikipanda polepole, wakasikia “aleluya”, na machozi yakawatoka.

Kabla ya kuamua nani yu sahihi, kuna jambo ambalo wengi hawalijui: hawa wanaobishana, mara nyingi hawakusikia maneno yale yale. Cohen aliuhangaikia wimbo huu kwa miaka kadhaa. Aliandika beti nyingi mno, kisha akachagua nne, akazirekodi katika albamu yake iitwayo “Various Positions” ya mwaka 1984. Wakuu wa kampuni yake ya muziki hawakuipenda, wakakataa kuitoa nchini Marekani. Katika matamasha ya miaka iliyofuata, mtunzi mwenyewe akawa anauimba kwa beti nyingine. Mwanamuziki wa Wales, John Cale, alipotaka kuuimba alimwomba Cohen maneno yake, akatumiwa kurasa kumi na tano kwa faksi, naye akachagua alizozipenda; toleo lake likatoka mwaka 1991. Kijana wa Kimarekani, Jeff Buckley, alijifunza wimbo kutokana na toleo hilo la Cale, akaurekodi mwaka 1994. Mwaka 2001 ukatumiwa katika filamu ya watoto ya “Shrek”, huku maneno yasiyofaa masikio ya watoto yakiachwa. Ilipofika Desemba 2008 nchini Uingereza, toleo la Alexandra Burke lilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo zinazouzwa, la Buckley nafasi ya pili, na la Cohen mwenyewe, aliyeutunga, nafasi ya 36, yote katika juma moja.

Sasa tazameni tofauti yenyewe. Katika toleo la mwanzo la Cohen, ubeti wa tatu ni jibu la mtu aliyeshtakiwa kwamba ametaja bure jina la Mungu. Ndiyo kusema, yule anayeuita wimbo huu kufuru atajikuta amekwisha kujibiwa ndani ya wimbo wenyewe. Mtunzi alijua kwamba shtaka la Amri ya Pili lingekuja, akalipa nafasi yake. Na ubeti wa mwisho wa toleo hilo ni maneno ya mtu anayekiri kwamba alijitahidi, kwamba mambo yalimwendea kombo, na kwamba hata hivyo atasimama mbele ya Bwana asiwe na kitu kinywani ila sifa. Anayezisoma zaburi hawezi kuushangaa mwisho huo.

Lakini Cale aliziacha beti hizo mbili, na Buckley akamfuata. Mahali pake ziliingia beti za mapenzi yaliyopoa, za wapendanao wawili ambao mmoja hamwonyeshi tena mwenzake kilichomo ndani yake. Na wimbo huishia kwa “huenda” juu ya kuwapo kwa Mungu, na kwa fundisho chungu kwamba katika mapenzi mtu hujifunza kujeruhi kabla hajajeruhiwa. Buckley mwenyewe hakuficha kwamba aliuona kuwa sifa ya mapenzi ya kimwili. Basi aliyelelewa na toleo la Cohen amesikia mtu anayeishia mbele za Bwana. Aliyelelewa na toleo la Buckley amesikia mtu anayeishia katika chumba kitupu. Wakikutana wawili hawa wakaanza kubishana, kila mmoja ana haki ya kumshangaa mwenzake, nao hawajui kwamba wamebeba karatasi mbili tofauti.

Hata katika beti zilizo sawa kwa wote, fumbo halijaisha. Mtunzi ametumia nafsi ya pili, “wewe”, bila kutuambia ni nani. Ni nani huyo ambaye imani yake ilikuwa na nguvu lakini akataka uthibitisho? Ni Daudi? Ni Samsoni? Ni mwimbaji akijisemesha mwenyewe? Ni msikilizaji? Na ni nani yule ambaye muziki haumgusi sana? Ni mke aliyemwacha, au ni Mungu aliyekaa kimya? Mlango huu umeachwa wazi, na kila apitaye huingia na mzigo wake.

Sisi watu wa lugha ya Kiswahili hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hili. Mtunzi wa taarabu huimba habari za ndege, au za chombo kilichotoboka, au za ua lililonyauka; na ghafla ukumbini mama mmoja huinuka, akaenda kumtuza mwimbaji katika mstari ule ule, huku macho yake yakimtafuta mtu fulani kwenye viti vya nyuma. Ukumbi mzima umeelewa. Akiulizwa mtunzi, atasema yeye aliimba habari za ndege, basi. Je, mama yule amekosea? Hakukosea kuona kwamba mstari waweza kumhusu. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba ndege yule alitungwa kwa ajili ya jirani yake. Kanga nayo hufanya kazi hiyo hiyo kila siku: jina limechapwa kiwandani kwa ajili ya maelfu, lakini akijifunga mke mwenza, lina mlengwa mmoja.

Tena Kanisa lenyewe limeishi na maneno ya namna hii tangu mwanzo. Kitabu cha Wimbo Ulio Bora kimejaa mapenzi ya kijana na binti, na jina la Mungu ni vigumu kulikuta humo. Walimu wa Kiyahudi waliona humo upendo wa Mungu kwa Israeli. Origene katika karne ya tatu akaona upendo wa Kristo kwa Kanisa na kwa roho ya mwamini. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alikitolea hotuba 86, akafariki mwaka 1153 akiwa amefika mwanzoni mwa sura ya tatu tu. Na wataalamu wa Maandiko katika nyakati zetu wametukumbusha kwamba maana ya kwanza, ile ya mapenzi ya kibinadamu, haikufutwa na zile nyingine. Wimbo wa Cohen si Maandiko Matakatifu, wala haukuvuviwa kama hayo. Nalisema hili waziwazi asije mtu akanielewa vibaya. Lakini anayedhani kwamba neno likiwa na maana ya kimwili haliwezi kuwa na ya kiroho, huyo hakujifunza hayo kwa Mama Kanisa.

Mwalimu wetu bora katika jambo hili ni Mtakatifu Augustino. Katika kitabu cha kumi na mbili cha Maungamo yake anawajibu watu waliobishana juu ya mwanzo wa kitabu cha Mwanzo, kila mmoja akidai kwamba Musa alikusudia kile alichokiona yeye, wala si kile alichokiona mwenzake. Augustino anauliza: kama yote mawili ni kweli, kwa nini Musa asiwe ameyaona yote mawili? Naye anawakemea wale wanaoipenda tafsiri yao kwa sababu ni yao, si kwa sababu ni kweli. Nadhani maneno hayo yatosha kunyamazisha nusu ya mabishano ya kwaya zetu.

Lakini Augustino huyo huyo hakusema kwamba kila tafsiri ni sawa. Katika kitabu chake juu ya Mafundisho ya Kikristo anatupa mfano ninaoupenda sana. Anasema kwamba mtu anayetafsiri Maandiko visivyo, lakini kwa tafsiri yake akajenga upendo wa Mungu na wa jirani, ni kama msafiri aliyeiacha njia, akakata katikati ya shamba, na bado akafika kule njia iendako. Hakudanganya mtu. Hata hivyo, anasema, yafaa aonyeshwe njia, asije akazoea kuiacha na siku moja akapotea. Hapa pana hekima mbili kwa pamoja: huruma kwa aliyefika kwa kukata shambani, na heshima kwa njia.

Kwa mwanga huo nathubutu kutoa maoni yangu.

Kwanza, maneno yana mipaka yake, na yatupasa kuyasoma kabla ya kuyatumia. Wachumba wengi huuchagua wimbo huu kwa sababu ya neno “aleluya”, nao hawajui kwamba mojawapo ya beti zinazoimbwa sana husema wazi kwamba mapenzi si gwaride la washindi, na kwamba beti nyingine huomboleza penzi lililokwisha. Siku ya ndoa, mbele ya wazazi na wasimamizi, mnaimba matanga ya ndoa ya mtu mwingine! Hilo si suala la tafsiri tena; ni kutokusoma.

Pili, tusimshtaki mtu kwa kufuru kwa sababu tu amelitaja jina takatifu pamoja na aibu yake. Kama Daudi na Bathsheba hawafai kutajwa karibu na sifa za Mungu, basi tuiondoe Zaburi ya 51, ambayo mapokeo yanaiweka kinywani mwa Daudi baada ya nabii Nathani kumjia kwa sababu ya dhambi ile ile. Na Zaburi ya 88 huishia gizani bila hata mstari mmoja wa faraja, nasi twaisali katika Liturujia ya Vipindi kila Ijumaa usiku. Mtakatifu Augustino aliwahubiria waamini wake kwamba hapa duniani twaimba Aleluya tukiwa bado na mashaka na majaribu, ili siku moja tuiimbe kule tukiwa salama. Aleluya ya msafiri haina budi kuwa na vumbi.

Tatu, na hapa natengana kidogo na mtunzi. Cohen alieleza kwamba ziko aleluya za namna nyingi, na kwamba zile kamilifu na zile zilizovunjika zina thamani sawa. Alitaka kuthibitisha imani katika uhai, si kwa namna rasmi ya dini. Namheshimu kwa unyofu huo. Lakini kuvunjika peke yake si sala. Yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka hakuhesabiwa haki kwa kuwa amevunjika, bali kwa kuwa katika kuvunjika kwake alijua anamsemesha nani. Wako waliovunjika ambao kilio chao hakimwendei mtu yeyote, nao tuwahurumie. Lakini tusiwaambie kwamba wamekwisha kufika.

Nne, neno lenyewe latupa jibu. Katika Kiebrania, “hallelu” ni amri katika wingi, na “Yah” ni kifupi cha Jina takatifu. Kiswahili chetu kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko lugha nyingi: si “msifu”, ni “msifuni”. Mtu anayesema Aleluya, hata akiwa peke yake chumbani usiku, anawaita wengine. Neno hili halikutengenezwa kwa ajili ya mmoja. Na hapo ndipo ninapopata sababu ya kuuacha wimbo huu nje ya Misa Takatifu, wala si kwa sababu ya Bathsheba.

Katika liturujia hatukutani ili kila mmoja atoe maana yake chini ya sauti moja nzuri. Twakutana ili tuseme jambo moja kwa kinywa kimoja, na aliye karibu nami aweze kujibu Amina akijua ameitikia nini. Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 121, unadai kwamba maneno ya nyimbo takatifu yapatane na mafundisho ya Kanisa, na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika vyanzo vya liturujia. Wimbo unaosemwa na mmoja kuwa sala, na mwingine kuwa penzi, na wa tatu kuwa shaka, wote watatu wakiwa na ushahidi, ni wimbo mzuri wa kutafakari. Lakini hauwezi kuwa kinywa cha taifa zima la Mungu. Najua kwamba wapo waliojaribu kutatua jambo hili kwa kubadili maneno. Mwaka 2014 Padre Ray Kelly wa Oldcastle, Ayalandi, aliwaimbia maharusi wimbo huu kwa maneno aliyowatungia, na mamilioni ya watu duniani walimtazama wakafurahi. Simhukumu ndugu yangu katika upadre. Sauti yake ni njema na nia yake ilikuwa njema. Ila naona kwamba masikio yaliyokwisha kuuzoea wimbo hayasahau maneno ya kwanza kwa kupewa ya pili.

Familia ile iliyokuwa katika msiba ilimpoteza kijana aliyependa kuupiga wimbo huu kwa gitaa lake. Mama yake aliomba uimbwe kwenye Misa ya mazishi. Mjomba wa marehemu, mtu mcha Mungu na mwenye kusoma, alikataa katakata. Alisema ni wimbo wa uzinzi na kwamba utamwaibisha marehemu mbele ya watu. Mama alijibu kwamba yeye Kiingereza hakijui, bali neno lile moja alilijua tangu utoto, na kwamba usiku ambao mwanawe hakuweza kulala kwa maumivu alimsikia akilisema. Maneno yakawa makali, na jeneza lilikuwa bado halijafika. Hakuna kati yao aliyesema uongo. Mjomba aliyasoma maneno sawasawa. Mama alimsikia mwanawe sawasawa. Nilichowaomba ni kwamba wimbo uimbwe nyumbani, usiku wa mkesha, na rafiki zake wenye magitaa. Na kwamba kesho yake kanisani tuimbe Aleluya ya Kanisa kabla ya Injili, kwa sababu Kanisa halioni haya kuimba Aleluya mbele ya jeneza. Ikawa hivyo. Usiku ule mjomba alikaa nje kwenye kiti, hakuimba, lakini hakuondoka.

Ndugu zangu, nadhani hilo ndilo laweza kutakiwa kwetu pale maana zinapotofautiana. Msikilizaji mwenzako akikuambia kwamba wimbo umemfikisha kwa Mungu, usimrudishe nyuma ili umwonyeshe alipokata shamba. Mshukuru Mungu kwanza, kisha, wakati ukifaa, mwonyeshe njia. Na wewe uliyeguswa, usilazimishe jumuiya nzima kuimba kovu lako. Viongozi wa kwaya, someni maneno yote ya wimbo kabla ya kuuleta kwangu, tena ubeti kwa ubeti, na mjue ni toleo la nani. Wachumba, njoni tuzungumze. Ziko zaburi za shangwe zisizohitaji kuazima majonzi ya mtu. Na ninyi mlio na uchungu usio na maneno, mkiwa chumbani na neno hilo moja tu limebaki, lisemeni. Lakini kumbukeni kwamba liko katika wingi: mnapolisema, mnatuita sisi, na yatupasa kuja.

Mungu awabariki, na Mama Bikira Maria awaombee.

Wenu katika Kristo,
Paroko